Binti wa Pryse wa Maziwa

"Nesta, kesho naondoka."

Idwal aliyasema hayo akiwa amempa mgongo, anasuuza madebe ya maziwa pale uani. Nesta alikuwa amechutama kando ya beseni la maji ya moto, akisugua makopo ya kupimia. Masikio yake yalisikia vizuri kabisa. Moyo ndio uliojifanya kiziwi.

"Unaondoka kwenda wapi? Maziwa ya mchana si umeshagawa?"

"Naenda nyumbani. Tregaron, kule Wales."

"Kusalimia?"

Idwal akageuka. Alikuwa kijana mrefu, nywele zake nyeusi hazikubali kichana, na macho yake ya kijivu Nesta aliyajua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Kioo alikitazama asubuhi tu, akifunga nywele. Macho hayo aliyatafuta kutwa nzima. Leo yalikuwa mekundu.

"Si kusalimia, Nest."

Kopo likamponyoka, likazama majini.

Jumapili mchana, kati ya ibada ya asubuhi na ya jioni, ndio wakati pekee duka lile la maziwa lilipopumua. Siku nyingine zote mlango ulifunguliwa kabla jua halijachomoza na kufungwa watu wakielekea kulala. Mtaa mzima wa nyuma ya stesheni ya Paddington, London, ulilijua. Waingereza waliliita duka la Wawelisi. Wawelisi wenyewe, ambao majina yao ya ukoo ni machache na watu ni wengi, walimwita mwenye duka kwa kazi yake: Pryse wa Maziwa, asije akachanganywa na Pryse wa Makaa wala Pryse wa Vitambaa. Na Nesta, tangu anatambaa, alikuwa binti wa Pryse wa Maziwa. Jina jingine hakuwahi kulihitaji.

"Ni Gwilym," Idwal akasema. Gwilym alikuwa kaka yake. "Farasi amempiga teke, nyonga imevunjika. Amelala tangu wiki iliyopita na daktari anasema hata akiinuka hatatembea sawasawa. Mama yuko peke yake na ng'ombe wote wale. Yule mzee wa kanisani aliyetoka likizo ndiye aliyeniletea habari, Alhamisi."

"Alhamisi! Na leo Jumapili!"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia isiyoumiza. Sikuipata."

Nesta akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilishakauka. Alitaka kumkaripia. Alitaka kumpa pole ya kaka yake. Alitaka kumshika shati amwambie haondoki mtu hapa. Alichoweza kusema ni, "Pole. Mama yako analala saa ngapi, maskini?"

"Halali." Idwal akamsogelea. Alinukia sabuni, na maziwa, na koti la sufu lililonyeshewa. "Nest, twende wote."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Kwa miaka yote aliyokaa pale akisukuma mkokoteni wa maziwa mtaa kwa mtaa, mapenzi yao yalikuwa ya kutazamana juu ya kaunta, ya vidole kugusana wakipokezana makopo, ya kuimba kwa kitabu kimoja cha nyimbo kanisani huku kila mmoja akijifanya anasoma maandishi. Mara moja tu, wakati wa theluji, alimbusu penye ghala la siagi, na wote wawili wakaomba radhi.

"Usinifanyie hivyo," Nesta akanong'ona.

"Nimekufanyia nini?"

"Umeniuliza. Ungeondoka kimya kimya ningekuchukia, nikapona. Sasa umeniuliza."

Akainua macho kwenye dirisha la ghorofani. Nyuma ya pazia la lesi kilionekana kivuli cha kichwa cha mzee, kimeinamia upande mmoja. Idwal naye akatazama huko huko. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

Ebenezer Pryse, baba yake Nesta, aliangukia palepale kwenye kaunta, majira ya baridi yaliyopita, akimweleza mteja habari za marehemu baba yake. Kiharusi kilichukua upande wake wote wa kulia na maneno yote. Hapo kabla mzee huyo alikuwa msimulizi asiyechoka. Kila Jumapili, nyama ikiwa mezani, alianza upya historia ya duka kana kwamba wasikilizaji wamezaliwa jana: jinsi baba yake, Dafydd, alivyokuwa mswagaji ng'ombe, enzi ambazo mifugo ilitembezwa kwa miguu kutoka milima ya Wales mpaka London, imepigiliwa viatu vya chuma kama farasi. Nyuma ya kundi alitembea msichana anayeitwa Hannah, akifuma soksi njia nzima, anakwenda kutafuta kibarua cha kupalilia bustani za wakubwa. Wakati wa kuanza safari wawili hao hawakusalimiana. Walipofika walikuwa wachumba. Sokoni ng'ombe wote wakauzwa isipokuwa mmoja aliyechechemea, akakosa mnunuzi. Wakamfunga kwenye ua wa kupanga, wakamkamua, Hannah akasimama mlangoni na jagi.

"Duka hili," mzee alipenda kumalizia, akigonga meza, "limejengwa na mapenzi na ng'ombe kilema. Msilidharau!"

Pete za chuma walizofungiwa ng'ombe wa babu bado zilikuwa ukutani pale uani. Idwal alikuwa ametundika koti lake kwenye mojawapo.

"Bibi yako Hannah aliondoka kwao kwa miguu," Idwal akasema taratibu. "Wewe nakuomba upande treni tu."

"Bibi yangu hakuacha baba asiyeweza kushika kijiko."

"Aliacha mama."

Sauti hiyo haikuwa ya Idwal. Ilitoka mlango wa jikoni. Mama yake Nesta, Leusa Pryse, alisimama pale na gauni lake jeusi la kanisani, mikono imefumbatwa kifuani. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaushwa na kazi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Mama..."

"Bibi yako aliacha mama mjane, na hakumwona tena mpaka anazikwa. Hiyo sehemu baba yako alikuwa haisimulii. Mimi aliniambia Hannah mwenyewe, siku zake za mwisho, ananing'ang'ania mkono, ananiita mimi mama." Leusa akashuka ngazi ya jikoni. "Endeleeni. Mbona mmenyamaza? Mlidhani mimi kipofu? Makopo mawili yanasuguliwa saa nzima, yana nini makopo hayo, kutu?"

Idwal akavua kofia. "Bi Pryse, nilikuwa nije kwako."

"Ulikuwa uje kwangu baada ya kwake. Najua mpangilio wa vijana." Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ulipofika hapa kiatu chako cha kushoto kilikuwa kinacheka, vidole vyote nje. Nani alikununulia kingine?"

"Wewe, Bi Pryse."

"Ulipougua kifua nani alikukanda?"

"Wewe."

"Basi leo unaninyang'anya mtoto."

"Mama, hajakunyang'anya mtu!" Nesta akapaza sauti. "Kaka yake amevunjika, mama yake—"

"Nimesikia. Habari za kaka yake ninazo tangu Ijumaa, kanisa zima linazo. Ila wewe tu, kwa kuwa huyu alikuwa anatafuta maneno." Leusa akakunjua mikono. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imepungua ukali, na kwa Nesta hilo lilitisha zaidi. "Idwal, baki. Mimi Leusa nakuomba. Muoe, chukueni chumba cha mbele, jina lako tuliandike mlangoni chini ya la Pryse. Mimi mikono yangu haiinui tena madebe, unaona vidole hivi? Baki, uwe mwanangu."

Kwa kitambo kidogo Nesta aliyaona yote: chumba cha mbele, jina mlangoni, yeye na Idwal wakizeeka huku wanagombania nani kaacha krimu wazi. Alimtazama Idwal kwa tamaa isiyo na aibu.

Idwal alikuwa analia. Hakuficha.

"Na mama yangu?" akauliza. "Nani atamkamulia?"

Leusa akaketi juu ya debe lililopinduliwa, na gauni lake la kanisani.

"Basi mmoja wetu atalia," akasema. "Mimi au mama yako. Nilishajiapia kwamba siye mimi, Mungu anisamehe."

Hapo kengele ya dukani ikalia.

Nesta alijikuta ameshajipangusa uso na kukimbilia mbele, kwa maana miguu yake ilifundishwa kuitikia kengele kabla haijafundishwa kucheza. Alikuwa Bi Chivers wa nyumba ya pili, mama wa Kiingereza mnene na mwema, na jagi lake lenye picha za maua.

"Kidogo tu, binti, kwa ajili ya mjukuu. Mama yake kamnywesha paka yote."

"Hakuna shida, Bi Chivers."

Nesta akachota. Maziwa yakamwagika kwenye marumaru ya kaunta.

"Mna msiba?"

"Hapana."

"Nawasikia toka kwangu. Lugha yenu mimi siijui hata ya salamu, lakini nyie mkigombana kwa kawaida huwa kama mnaimba. Leo mbona hamuimbi?" Akamshika Nesta kidevu. "Na baba, hajambo?"

"Hajambo. Yuko vilevile."

"Mwambie namsubiri anisimulie mwisho wa yule ng'ombe mchechemeaji. Alianguka kabla hajamaliza."

Nesta akatabasamu, akamfungulia mlango, akamtakia Jumapili njema. Mlango ulipofungwa akaegemea kaunta, akalaza mashavu yote mawili, moja baada ya jingine, kwenye ubaridi wa yale marumaru. Aliwaza kwamba akiondoka kesho, asubuhi nani atachota? Mama atachota, kwa siku chache. Kisha mabwana wa kampuni kubwa ya maziwa yenye magari ya farasi, ambao walishakuja mara mbili na kofia zao mkononi kutaka kulinunua duka, watakuja mara ya tatu. Watafuta jina mlangoni. Na baba ataletewa chai na kuambiwa kwamba hakuna kitu, ni wapaka rangi tu.

Aliporudi uani, Idwal alikuwa amevaa koti.

"Nakwenda kumuuliza mzee," alisema.

"Hawezi kukujibu," Leusa akasema.

"Hata hivyo ni yeye wa kuulizwa."

Walipanda watatu, Idwal mbele. Mzee Pryse alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, amevalishwa suti nyeusi na kola ngumu. Leusa alimvalisha hivyo kila Jumapili ingawa hakuweza kushuka ngazi, kwani alisema mume wake hatampokea Bwana na nguo za kulalia. Mkono wa kulia ulilazwa juu ya mto kama kitu cha mgeni. Macho tu ndiyo yalikuwa yake bado, ya buluu, makali, na yaliwafuata wote watatu walipoingia.

Idwal akapiga magoti ili nyuso zao zilingane.

"Mzee, mimi kesho narudi kwetu. Gwilym ameumia, na mama hana mtu." Akaanza upya. "Nampenda Nesta. Nimempenda tangu wiki ile ya kwanza, alipokuja kunifundisha kupima bila kumwaga, nami nikamwaga makusudi anifundishe tena. Nataka kumuoa. Kubaki siwezi, na yeye kuondoka hawezi mpaka useme. Ungekuwa na sauti ungenifukuza au ungenibariki, lolote ningelipokea. Sasa nakuomba unionyeshe tu. Kwa namna yoyote."

Nje mtoto alikuwa anagongagonga chuma cha uzio kwa fimbo, akipita.

Mzee alimtazama Idwal kwa muda mrefu. Halafu mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka pajani, ukapapasa hewani, ukaupata mkono wa Nesta. Akauvuta. Nesta akainama. Polepole, kwa juhudi iliyomtoa jasho kwenye paji, mzee akauvuta mkono wa binti yake mpaka kwa Idwal, akauweka juu ya kiganja cha kijana huyo.

Leusa, pale mlangoni, akatoa mguno kama mtu aliyechomwa.

Nesta alihisi vidole vya Idwal vikijifunga kwenye vyake, vya moto, vimekwaruzika kwa baridi na vipini vya mkokoteni. Akathubutu kufurahi.

Lakini baba yake hakuachia. Mkono wake ulibaki juu ya mikono yao miwili na ukazidi kubana, ukabana mpaka vifundo vikawa vyeupe, mpaka Nesta akahisi maumivu. Uso wake ukaanza kukunjana, upande ule mmoja ulio hai.

"Baba? Niende?"

Mdomo wa mzee ukafunguka. Ikatoka sauti ndefu isiyo neno.

"Au nibaki? Baba, nibaki?"

Sauti ileile. Machozi yakamtiririka, yakaingia kwenye kola ngumu. Ebenezer Pryse hakuwa mtu wa kulia. Alimzika mama yake, na mtoto wake aliyekuwa pacha wa Nesta, bila kulia. Sasa alilia mdomo wazi, bila hata mkono wa kujifuta, kwa kuwa huo mmoja aliobakiwa nao ulikuwa umewashika hao wawili.

"Sema na kichwa, baba! Tikisa hata kichwa!"

"Muache!" Leusa akafoka. "Humuoni? Muache baba yako!"

Idwal ndiye aliyemaliza. Kwa upole, kidole kimoja kimoja, aliuchomoa mkono wake. Akauacha wa Nesta ndani ya mkono wa baba yake. Akambusu mzee kwenye paji la uso.

"Basi, mzee wangu. Nimekuelewa. Asante."

Nesta alimkuta Idwal kwenye ngazi, ameketi gizani.

"Umeelewa nini?" akamuuliza. "Niambie. Alisema niende au nibaki?"

"Sijaelewa kitu, Nest. Sikuweza tu kuendelea kumtazama."

Akaketi pembeni yake. Ngazi ilikuwa nyembamba, ikawabana bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza hawakuogopa kuonekana. Alilaza kichwa kwenye shingo ya Idwal, akasikia mapigo yake. Juu, mama alikuwa anambembeleza baba kwa sauti ambayo Nesta hakupata kuisikia, sauti ya msichana.

"Nitakusubiri," Idwal akasema.

"Usinisubiri. Baba anaweza kuishi miaka mingi. Na mimi namuomba Mungu aishi. Unaona nilivyofungwa? Nikikuomba unisubiri ni kama namuombea baba yangu afe."

"Kunisimamisha kazi unaweza. Kuniamrisha nisikusubiri huwezi. Kuanzia leo mimi si mwajiriwa wenu."

Nesta akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati.

Asubuhi ya Jumatatu, Leusa alimfunga binti yake skafu shingoni kama alivyomfunga alipokuwa anakwenda shule. Mlangoni akamsukumia kifurushi cha kitambaa chenye joto: mkate wa zabibu.

"Mpe. Mwambie ale kabla ya stesheni ya Carmarthen, ukilala unakuwa mgumu." Akamrekebisha skafu, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Ningekuwa na mwingine, Nesta... Pacha wako angeishi, ningekwambia nenda. Ningekupakia mwenyewe."

"Najua, Mama."

"Sema kitu kingine. Nitukane."

"Najua, Mama."

Akashika mkokoteni. Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda kupokea maziwa stesheni, na treni ya maziwa haikungoja ugonjwa wala huzuni ya mtu. Ukungu ulikuwa mzito, taa za barabarani bado zinawaka. Aligundua kwamba mkokoteni unavuta kushoto. Idwal hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa anausukuma tu.

Alimkuta kwenye jukwaa la maziwa, amevaa suti yake ya kanisani, sanduku miguuni. Alikuwa ameshatenganisha madebe ya Pryse na ya wengine. Wapagazi walimjua, wakajifanya wanatazama kwingine.

"Treni yako iko jukwaa lile," Nesta akamwambia.

"Naijua ilipo."

Alimpakilia. Debe moja moja, kwa uangalifu, mazito nyuma ya ekseli, akimweleza kwa sauti ya kazi: usijaze mbele, mteremko wa daraja shuka kinyumenyume, Bi Chivers ana mbwa mpya. Nesta aliitikia kila kitu. Alipopokea kifurushi cha mkate Idwal alikinusa, na hapo ndipo uso wake uliposhindwa.

"Ulikanda wewe?"

"Mama."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali jambo asilolielewa. Kisha akamshika Nesta uso kwa mikono yote miwili, mbele ya wapagazi na mbele ya stesheni nzima, akambusu. Safari hii hakuna aliyeomba radhi.

Filimbi ikapigwa. Idwal akakimbia na sanduku lake, akaruka kwenye behewa la tatu, akashusha dirisha. Akatoa mkono nje. Treni ikajivuta, ikatoa moshi, ikaanza kwenda upande ule ambako babu yake Nesta alitokea na ng'ombe wake.

Nesta alitaka kupunga mkono. Lakini mkokoteni ulikuwa kwenye mteremko, umejaa, umeanza kuvuta kushoto, na akiachia hata mkono mmoja maziwa yote ya mtaa yangemwagika. Akaushikilia kwa mikono miwili. Akaushikilia mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye ukungu, machozi yakimshuka na hana cha kuyafutia, kisha akageuka nao taratibu, akaanza kusukuma.

Kwenye kona ya kwanza mwanamke mmoja alikuwa ameshasimama mlangoni na jagi.

"Leo umechelewa, binti," alisema.

"Samahani," Nesta akamjibu, akainua kifuniko cha debe. "Kesho nitawahi."